Mlango wa bweni ufunguke: Sheria ya moto ianzie kijijini kwetu



Wiki hii tutazungumzia moto. Huenda ukajiuliza, moto na safu ya afya vinahusiana vipi? Sisi matabibu tunayahesabu majeraha ya moto kama tunavyohesabu malaria na kuhara. Yana visababishi vinavyojulikana, yana watu yanaowapata zaidi, na yana kinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kuungua, na walio wengi ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Watoto na akina mama wamo katika mstari wa mbele, kwa sababu wao ndio walio karibu na jiko.

Kinga ya malaria unaijua: chandarua, usafi wa mazingira na kuwahi tiba. Kinga ya moto ni sheria inayofuatwa. Sheria hiyo Tanzania tunayo. Swali la leo ni hili: hapa Karema, na katika vijiji vingine vilivyo mbali na mji kama Karema, ni nani anayehakikisha kuwa inafuatwa usiku wa leo, watoto wakiwa wamelala?

TUMEZIKA WANGAPI?

Tuanze na hesabu, kwani sisi binadamu tuna tabia ya kusahau upesi. Usiku wa tarehe 18 Juni 1994, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, Kilimanjaro. Walifariki wanafunzi wa kike 42. Mwezi Agosti 2009 ikawa zamu ya Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, ambapo wasichana 12 walipoteza maisha. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea.

Mwezi Julai 2020, jijini Dar es Salaam, wanafunzi watatu walifariki katika moto wa bweni la shule ya Ilala Islamic. Miezi miwili baadaye, tarehe 14 Septemba 2020, moto uliunguza bweni la Shule ya Msingi Byamungu Islamic, wilayani Kyerwa, Kagera. Watoto 10 walifariki. Hawa wa mwisho walikuwa watoto wadogo wa shule ya msingi. Wazazi wao waliwapeleka wapate elimu ya dunia na ya dini kwa pamoja, kama sisi tunavyowapeleka wetu.

Jirani zetu wa Kenya nao wana makaburi yao. Machi 2001, katika Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos, walikufa wavulana 67. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Baada ya misiba ya aina hiyo, Serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008. Mwongozo ule unataka milango ya bweni ifungukie nje na isifungwe kutokea nje wanafunzi wakiwa ndani. Unataka madirisha yasiwe na nondo, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2.

Mwongozo mzuri kabisa. Lakini Septemba 2017 walikufa wasichana 10 katika Moi Girls ya Nairobi, na Septemba 2024 wakafa wavulana 21 katika Hillside Endarasha Academy, kaunti ya Nyeri. Baada ya hapo ukaguzi ulifanyika nchi nzima, na shule za msingi zaidi ya 300 zikaamriwa kufunga mabweni kwa kutokidhi viwango. Jiulize, ndugu msomaji: shule hizo zilikuwa zikilaza watoto kwa miaka mingapi huku mwongozo wa 2008 upo kabatini?

Hilo ndilo somo letu la leo. Karatasi haizimi moto. Sheria huokoa pale inapopata mtu wa kuisimamia karibu na mlango wenyewe.

MOTO UNAUA VIPI?

Wengi hudhani kuwa anayekufa katika nyumba inayoungua huuawa na ndimi za moto. Mara nyingi huuawa na moshi kabla moto haujamfikia. Moshi una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu huvuta pumzi huku mwili wake ukikosa hewa. Magodoro ya sponji yakiungua hutoa pia sianidi, ambayo ni sumu kali. Pumzi chache tu zinaweza kumlegeza mtu miguu akashindwa kutembea.

Jambo jingine ni kuwa aliyelala hategemei pua yake. Usiamini kwamba harufu ya moshi itakuamsha. Chumba chenye magodoro ya sponji, vyandarua, nguo na maboksi kinaweza kuwaka chote ndani ya dakika tano au chini ya hapo. Kwa hiyo uhai wa mtoto aliyeko bwenini umo katika dakika hizo tano, na katika dakika hizo kitu kimoja tu kinatazamwa: je, mlango utafunguka?

Hapa tuelewe pia kwa nini wataalamu husisitiza mlango ufungukie nje. Watu 40 wakikimbilia mlango unaofungukia ndani, walio nyuma huwasukuma walio mbele. Aliye mbele anataka kuuvuta mlango kuja kwake, lakini mwili wake mwenyewe umebanwa kwenye mbao. Mlango haufunguki hata kama haukufungwa kwa kufuli. Ukifungukia nje, msukumo ule ule unaufungua.

SHERIA INASEMAJE?

Bunge lilipitisha Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mwaka 2007. Jeshi hili lipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Sheria inawapa wakaguzi wake mamlaka ya kuingia katika majengo na kukagua tahadhari za moto, na zimefuatia kanuni za ukaguzi na vyeti za mwaka 2008, kisha kanuni za tahadhari za moto katika majengo za mwaka 2015. Shule, nyumba za kulala wageni, maghala, vituo vya mafuta na kumbi zinahusika. Mwenye jengo hukaguliwa, huelekezwa marekebisho, na hupewa cheti.

Pia Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mafuta awe na leseni ya EWURA. Nayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa kibali kwa anayetaka kuchoma pori au majani nje ya kiambo chake. Hivyo si kweli kwamba Tanzania haina sheria.

Sasa tuangalie umbali. Ofisi ya mkoa ya Jeshi la Zimamoto ipo Mpanda. Kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilomita 100. Chukulia kwamba simu imepigwa namba 114, ambayo ndiyo ya dharura ya zimamoto, na gari limeondoka dakika ile ile. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa halitafika kabla ya saa moja na dakika 40. Linganisha na zile dakika tano za bwenini. Piga simu kwa vyovyote, kwani uokoaji na uchunguzi vinawahusu wao, lakini usiseme kwamba zimamoto imechelewa. Kwa umbali huu, zimamoto ya kwanza ni mimi na wewe, na mkaguzi wa kwanza pia ni mimi na wewe.

Na hatari hapa kwetu hazijifichi. Kijiji kilichopo ufukoni mwa Ziwa Tanganyika kinaishi kwa boti, na boti zinahitaji petroli. Petroli hukaa ndani kwenye madumu, huuzwa kwa chupa barazani, na jioni jiko la mkaa huwashwa hatua chache kutoka hapo. Kambi za wavuvi hujengwa kwa miti na nyasi, banda limegusana na banda. Kiangazi huleta upepo na majani makavu, na ndio wakati wa kusafisha mashamba kwa moto. Bandari ya Karema nayo inavuta biashara ya Kongo, na biashara huja na wageni, magari, maghala na mafuta. Mji ukikua bila utaratibu wa moto, hatari hukua pamoja nao.

Tukumbuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, ukafika kwenye jiko au kiberiti kilichoko mbali na dumu lenyewe, kisha moto ukarudi hadi kwenye dumu.

NJIA YA KUIFANYA SHERIA IWE YA KIJIJI

Habari njema, ndugu msomaji, ni kuwa hatuhitaji kusubiri. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Utaratibu wake si mgumu:

1. Halmashauri ya kijiji inaandaa mapendekezo. Humo ndani ipo kamati ya ulinzi na usalama, ambayo ndiyo inayofaa kubeba suala hili.

2. Mapendekezo yanapelekwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkutano huu unatakiwa ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapa kila mtu ana haki ya kusema, mvuvi, mama lishe, mwalimu wa chuo na mwenye nyumba ya wageni.

3. Baada ya maoni ya wananchi, halmashauri ya kijiji inapitisha rasimu na kuipeleka Halmashauri ya Wilaya, ambayo kwetu ni Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika, ili iidhinishwe.

4. Ikishaidhinishwa, inatangazwa na kubandikwa ili pasiwe na mtu wa kusema hakujua.

Wengi wetu huenda kwenye mkutano wa kijiji pale tu kunapokuwa na mgao wa kitu au ugomvi wa ardhi. Mkutano ujao nenda na ajenda hii. Mpe mwenyekiti au mtendaji wa kijiji taarifa mapema kwamba ungependa jambo la moto lijadiliwe.

Ni mambo gani yaandikwe? Napendekeza machache ambayo yanatekelezeka bila fedha nyingi. Ukiandika mambo 50, hutasimamia hata moja.

Kwanza, chumba chochote wanacholala watoto wa shule, wanafunzi wa chuo au wageni kisifungwe kwa kufuli kutokea nje watu wakiwa ndani. Kifungwe kwa komeo la ndani ambalo mtoto mdogo anaweza kulifungua gizani bila ufunguo.

Pili, chumba cha kulala watu wengi kiwe na milango miwili inayofungukia nje, na angalau dirisha moja kila upande lisilo na nondo, au lenye nondo za bawaba zinazofunguka kwa ndani.

Tatu, mshumaa, kibatari na jiko la mkaa visiingie bwenini. Chandarua cha nailoni kikiguswa na mshumaa huwaka na kuyeyuka juu ya ngozi ya aliyelala. Angalia usije ukaondoa chandarua kwa kuogopa moto, kwani malaria ipo pale pale. Ondoa mshumaa. Taa ndogo za sola sasa zinapatikana hadi vijijini.

Nne, petroli isihifadhiwe katika nyumba wanamolala watu, na isiuzwe karibu na jiko. Kijiji kitenge eneo moja la mafuta ya boti, mbali na makazi, lenye mchanga wa kutosha, na wauzaji wasaidiwe kufuata taratibu za leseni.

Tano, mabanda ya kambini yaachane kwa nafasi itakayokubaliwa, na njia ya kufika ziwani isizibwe. Tuna ziwa zima la maji, lakini ni aibu kubwa nyumba kuungua ukingoni mwake kwa sababu ndoo hazikuwepo na njia ilizibwa na mitumbwi.

Sita, anayechoma shamba awe na kibali, awaarifu majirani, akate barabara ya moto, na asichome mchana wa upepo mkali.

Saba, na hili ndilo muhimu kuliko yote, sheria ndogo itaje nani anakagua, anakagua lini, na anaandika wapi. Kwa mfano, watu wawili wa kamati pamoja na mwalimu mmoja wapite kila mwezi, na jina la kila jengo, kasoro iliyoonekana na siku ya kurudi kuitazama viandikwe katika daftari la kijiji. Mara moja kwa mwaka mwombeni mkaguzi wa zimamoto kutoka Mpanda aje, mumpe daftari hilo. Atafanya kazi haraka zaidi, na ninyi mtajua kama mnakagua kwa usahihi.

UGONJWA WA KUONEANA MUHALI

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Kutunga ni rahisi, kusimamia ni kazi, na kinachotuangusha ni muhali. Mwenye nyumba ya wageni ni shemeji. Muuza petroli ndiye aliyekukopesha juzi. Mwalimu wa chuo ni mzee wetu, alitufundisha Juzuu Amma, nani atamwambia kuwa bweni lake ni hatari? Basi mkaguzi anapita, anakunywa chai, anasema "mtarekebisha, in shaa Allah," na daftari linabaki jeupe.

Sote tunalijua lile fundisho la Mtume (s.a.w.) lililopokewa na Bukhari, kuhusu watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakaona tabu kupanda juu kuteka maji, wakataka kutoboa sehemu yao. Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiliwa wataokoka wote. Sisi watu wa ziwani tunaelewa vizuri zaidi maana ya boti iliyotobolewa katikati ya maji. Anayeuza petroli karibu na jiko anasema ni duka lake. Anayefunga bweni kwa kufuli anasema ni shule yake. Lakini moto ukianza hauulizi hati ya nyumba.

Dawa ya muhali ni hizi tatu. Ya kwanza, mkague wawili au watatu, asiachiwe mtu mmoja kubeba lawama. Ya pili, onyo la kwanza liwe la maandishi na la upole, likiwa na muda wa kurekebisha. Lengo ni mlango ufunguke, faini ni njia tu. Ya tatu, kagueni kwanza majengo ya wakubwa na ya kwenu wenyewe. Msikiti ukaguliwe kabla ya duka. Asiyetaka kurekebisha baada ya kuonywa, sheria ndogo ichukue mkondo wake hadi Mahakama ya Mwanzo ikibidi.

Zipo pia hoja mbili ambazo utazisikia. Ya kwanza ni ya wizi na maadili: "Nikiacha kufunga bweni la wasichana, vijana wataingia, au wao watatoka." Hofu hiyo ni ya kweli na mzazi yeyote anaielewa. Lakini mwaka 1911, mjini New York, Marekani, kiwanda cha nguo cha Triangle kilifunga mlango mmoja kwa hofu ya wafanyakazi kuiba. Moto ulipozuka walikufa watu 146, wengi wao wasichana. Linda bweni kwa mlinzi, kwa uzio, kwa matroni anayelala pale pale, na kwa komeo la ndani. Kufuli la nje haliwezi kutofautisha mwizi na moto.

Hoja ya pili ni ya kadari: "Siku ikifika imefika." Ni kweli hakuna anayevuka siku yake. Lakini imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wake, na Mtume (s.a.w.) alipopewa habari aliuita moto kuwa ni adui na akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Katika mafundisho mengine alieleza hata sababu, kwamba panya anaweza kuburuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Angalia namna alivyotafuta chanzo na kuweka kinga, kama afanyavyo mtaalamu wa afya. Hakuwaambia waiachie kadari.

KAGUA WIKI HII

Wakati sheria ndogo ikisubiri mkutano, yapo unayoweza kufanya bila kibali cha mtu.

Kama una mtoto wa bweni, nenda ukaombe kuliona analolala. Uliza maswali manne: Ufunguo anao nani usiku? Mlango unafungukia wapi? Mlango wa pili uko wapi, na nyuma yake kumewekwa nini? Mara ya mwisho watoto walifanya lini zoezi la kutoka gizani? Uliza kwa adabu, lakini usiondoke bila majibu. Wazazi watano wakiuliza maswali hayo katika mwezi mmoja, uongozi utatafuta fundi seremala. Kugeuza bawaba ili mlango ufungukie nje ni kazi ya siku moja.

Kama ni kiongozi wa msikiti, tazama usiku wa tarawehe. Je, mlango wa nyuma umefungwa? Mlango wa akina mama ni mwembamba kiasi gani? Viatu vimerundikwa kizingitini hadi mtu hana pa kukanyaga? Nyaya za spika zimeunganishwa na nani? Chetezo cha ubani kimewekwa karibu na pazia au jamvi? Weka rafu ya viatu pembeni na ufungue milango yote wakati wa ibada.

Nyumbani, weka ndoo ya mchanga na ndoo ya maji karibu na jiko. Moto wa petroli au mafuta ya kula usimwagie maji, kwani utasambaa. Wa petroli funika kwa mchanga. Wa sufuria ya mafuta funika kwa mfuniko na uzime jiko kama inawezekana. Wafundishe watoto kutambaa chini penye moshi, kwani hewa safi hubaki chini. Nguo ikishika moto, asikimbie. Alale chini na aviringike.

ALIYEUNGUA ASAIDIWE VIPI?

Mwisho, tuseme machache ya tiba, kwani hapa makosa ni mengi.

- Mtoe kwenye moto, vua nguo zilizolowa petroli au maji ya moto, pamoja na pete, bangili na shanga. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiibandue.
- Mwagilia jeraha maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Hii inasaidia hata kama zimepita saa mbili au tatu tangu aungue. Usitumie barafu. Mtoto mdogo mwagilie jeraha tu, sehemu nyingine mfunike asipate baridi.
- Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, unga, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivi huhifadhi joto, huleta vijidudu na humzuia tabibu kuona kina cha jeraha.
- Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, bila kukaza. Malengelenge usiyapasue.
- Mpeleke haraka zahanati au kituo cha afya. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto aliyeungua zaidi ya viganja 10, au mtu mzima zaidi ya 20, maisha yake yapo hatarini na atahitaji maji ya mishipani. Wa uso, mikono, miguu, sehemu za siri, na aliyeungua na umeme, wote waende hata kama jeraha ni dogo.
- Aliyekuwa ndani ya moshi, akiwa na sauti ya kukwaruza, masizi puani au makohozi meusi, usimwache alale nyumbani kwa sababu ngozi yake ni nzima. Njia ya hewa inaweza kuvimba baada ya saa chache ikaziba.
- Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Ndugu msomaji, kituo cha afya kinaweza kutibu mkono wa mtoto aliyeungua, lakini watoto 10 walioshindwa kufungua mlango hakuna dawa ya kuwarudisha. Kwa hiyo kabla ya kulala leo, kama kuna mlango ambao ufunguo wake upo kwako na watu wamelala nyuma yake, nenda ukaufungue. Kesho uende kwa mtendaji wa kijiji kuhusu mkutano.

Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah. Wabillahi tawfiq.